Kijiji Kisicho na Mlima

Siku hizi naweza kuisimulia habari hii huku nikicheka, tena nikiwa nimekaa, kikombe mkononi. Wakati inatokea sikuwa mtu wa kukaa wala wa kucheka. Nilikuwa nauza tangawizi yangu pale sokoni Same, nikiwapimia wateja huku akili iko kwingine, mpaka jirani yangu wa meza ya vitunguu akaniuliza kama naumwa. Siumwi, nikamwambia, naozesha mtoto. Akaniambia pole, na wala hakuwa anatania.

Mtoto mwenyewe ni binti yangu wa pekee. Alikwenda Poland kusoma, akamaliza, akapata kazi kwenye maabara ya hospitali ya mji mdogo, na huko akampata kijana. Kijana ni fundi wa matrekta, mrefu, mwenye masikio yanayogeuka mekundu akisemeshwa. Alijifunza kusema shikamoo kabla ya neno lingine lolote la Kiswahili, na alipompigia simu shemeji yangu mkubwa kuomba mke, aliisema kila alipokwama. Alikwama mara nyingi. Shemeji aliitikia marahaba zote bila kuchoka, kisha akatuambia kijana ana adabu, tatizo ni kwamba hajui adabu hiyo inaishia wapi.

Mume wangu alifariki binti akiwa bado shule ya msingi. Kwetu milimani mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na baba akiwa hayupo ndugu zake ndio wanaotoa jibu. Shemeji ndiye mkubwa kwa umri. Lakini kila mtu pale nyumbani anajua kwamba mwenye jibu ni wifi yangu, dada wa marehemu. Sisi Wapare tunasingiziwa kupenda kesi. Wifi yangu hasingiziwi. Amekwenda baraza la kata kwa ajili ya mpaka, kwa ajili ya mfereji, kwa ajili ya mgomba ulioangukia upande wa pili, na sijasikia kwamba ameshindwa. Binti aliniambia tangu mwanzo: "Mama, shangazi asipokubali, siolewi. Siwezi kuishi huku nikijua nyumbani hawakunitoa." Jambo lilikuwa hilo, na njia ya pembeni haikuwepo.

Sasa, kwetu kijana akileta posa hajibiwi papo hapo. Kwanza kuna kutazama kwao. Mtu wa ukoo, mara nyingi mama mwenye macho makali, anatumwa kwenda kijijini kwa kijana kama mgeni wa kawaida. Anatazama maji yao yanatoka wapi na kama wanagombana kwa ajili yake. Anatazama mashamba, anatazama majirani wanasalimianaje. Mwisho anaomba apelekwe makaburini kuwasalimu wakubwa, maana pale ndipo unapojua mtu ni wa wapi na wazee wake walikaa vipi na wenzao. Kama kijana ni wa Mwanga au Gonja, ni suala la kupanda basi asubuhi. Kwa Poland walitazamana, kisha wakanitazama mimi, kwa sababu binti alikuwa ameshanikatia tiketi ya kwenda kumtembelea. Kwa kawaida mama mzazi hatumwi, kwa kuwa moyo wake uko upande mmoja. Wifi alilisema hilo mbele yangu, bila kupunguza sauti.

"Lakini hatuna mwingine," akaongeza. "Nenda, wifi. Usituletee habari za theluji. Tuletee habari za watu."

Nilifika mwishoni mwa mwezi wa kumi. Kijiji cha kijana kiko upande wa magharibi wa nchi ile, na jina lake lina herufi nyingi zilizosongamana kiasi kwamba mpaka leo nikilitamka binti anafumba macho. Nitakiita kijiji tu. Kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa mlima, na mlima haukuwepo. Hakukuwa na kilima. Hakukuwa hata na kichuguu. Mimi nimezaliwa juu huko Myamba, mahali ambapo ukienda kuomba chumvi kwa jirani ama unapanda ama unashuka, na pale nilisimama katikati ya barabara nikaiona nchi imelala chali pande zote. Kwa watu wa milimani tambarare ni nyika. Ni mahali unaposhuka kwa shida, kwenye joto na mashamba ya mkonge, siyo mahali ukoo unapoanzia. Nikajisemea, wifi ataanza na hili.

Kijiji chenyewe ni barabara moja yenye nyumba kushoto na kulia, za matofali mekundu, mapaa yake yameinama sana ili theluji iteleze. Nyuma ya kila nyumba kuna banda, nyuma ya banda bustani, nyuma ya bustani mashamba marefu membamba ya viazi na ya nafaka wanayotengenezea mkate mweusi, mpaka msituni. Msitu ni wa misonobari iliyopandwa kwa mistari kama wanafunzi paredi. Udongo ni mwepesi, wa kichanga. Niliushika, nikausugua vidoleni, nikaona kwamba tangawizi isingekubali pale hata kwa kubembelezwa. Katikati ya kijiji kuna kanisa, duka, kituo cha basi, na bwawa.

Bwawa lile lilinipa matumaini. Kwetu kila kitongoji kina ndiva yake, bwawa la mawe na udongo linalokusanya maji ya mfereji usiku. Asubuhi linafunguliwa na watu wanamwagilia kwa zamu. Nikamuuliza bibi yake kijana, binti akitafsiri, ni nani anafungua bwawa lao asubuhi na zamu zinapangwaje. Bibi akafikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema bwawa halifunguliwi, lipo tu, ni la bata, na zamani lilikuwa la kuzimia moto. Mvua yao inanyesha bila kikao. Nikawaonea wivu. Halafu nikawaza kwamba watu wasio na maji ya kugombania lazima wana kitu kingine, nikaanza kukitafuta.

Bibi huyo ndiye mkubwa wa nyumba, mama wa baba yake kijana. Ni mfupi, mnene, na mikono yake ni ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Alizaliwa katika nyumba ile ile. Alianza kunipenda siku nilipomenya viazi upesi kuliko yeye, na baada ya hapo tulishinda jikoni pamoja, kila mtu akisema lugha yake, na kazi ikaenda. Alinionyesha kiota kikubwa juu ya nguzo ya umeme, kitupu, akanieleza kwa mikono: ndege mweupe, ncha za mabawa nyeusi, miguu myekundu, joto likiisha anakwenda zake kusini. Korongo. Nikamwambia binti amweleze kwamba hao tunao, wanashukia nyasi za chini ya milima yetu wakati wa mvua za vuli, wanafuata panzi. Bibi akanitazama, akakitazama kiota, akasema basi nikiwaona niwasalimie.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, siku ya watakatifu wote, kijiji kizima kinakwenda makaburini. Wanabeba maua na taa ndogo, mshumaa ndani ya kioo, na mpaka jioni makaburi yote yanawaka. Nilifurahi mno. Kazi niliyokuwa naiogopa, ya kuomba kupelekwa kwa wafu wa watu, ilikuwa inanijia yenyewe. Nikajifunga kitenge juu ya koti. Bibi alitangulia na ufagio na kapu la taa. Makaburi ya mbele, mapya, yenye picha na maua, aliyapita. Alikwenda moja kwa moja nyuma, chini ya miti, kwenye mawe ya zamani yaliyofunikwa na ukungu wa kijani, akaanza kufagia majani.

Mawe yale yalikuwa na maandishi niliyoyafahamu kwa sura. Kengele ya kanisa letu kule juu ililetwa na wamisionari wa Kijerumani, na ina herufi za namna ile ile, zenye kona kona. Tangu utoto nimezitazama nikisubiri ibada iishe. Nikaona Mungu ni mwema, kumbe hawa ni Walutheri wenzetu tangu mababu. Sikungoja tafsiri. Nikalichagua jiwe kubwa kuliko yote, kwa kuwa la babu wa ukoo lazima ndilo kubwa, nikainama, nikagusa ardhi, nikawasalimu kwa Chasu, lugha yetu Wapare, kama inavyotakiwa. Nikajitaja, nikamtaja marehemu mume wangu, nikasema tuna binti na kijana wao amebisha hodi kwetu. Nikawaomba wawe na subira nasi, maana wifi yangu ni mgumu. Niliongea vizuri, sijisifu. Nilipoinuka, watu wa makaburi ya jirani walikuwa wamenyamaza kwa heshima, na binti yangu alikuwa ameziba uso kwa viganja.

"Mama," akasema, "hao siyo wa kwao."

"Ni wa nani?"

"Ni Wajerumani. Ndio waliokuwa wanakaa hapa kabla ya vita."

Akanieleza tukiwa tumesimama pale pale. Kijiji kile kilikuwa cha Wajerumani kwa vizazi vingi. Vita kuu ya pili ilipokwisha, wakubwa walisogeza mipaka kwenye ramani. Wajerumani wakaondolewa, wakapelekwa ng'ambo ya mto uliowekwa kuwa mpaka, na mahali pao wakaletwa Wapoland kutoka mashariki, ambao nao mpaka uliosogezwa ulikuwa umeviweka vijiji vyao ndani ya nchi nyingine. Kila nyumba ya zamani pale, pamoja na ile niliyokuwa nalala, ilijengwa na mtu aliyeondolewa. Makaburi ya kina kijana yalikuwa matatu tu, kule mbele: wazazi wa bibi, na mume wake. Waliotangulia wote wamelala mashariki, mahali ambapo bibi mwenyewe hajawahi kufika.

Nilihitaji kukaa, nikakaa kwenye ukingo wa jiwe la yule Mjerumani niliyemsalimu. Nilikwisha kuona ukoo wangu utakavyosikia habari hiyo. Wangesikia kitu kimoja: hawa wanalala katika nyumba ya waliofukuzwa. Kwetu ardhi iliyochukuliwa bila kuachiwa haikai kimya. Hata muumini wa kila Jumapili hajengi kwenye kiwanja ambacho mwenyewe aliondoka analia.

"Utawaambiaje?" binti akauliza.

"Kama ilivyo."

"Shangazi atakataa."

"Najua."

Bibi alikuwa amepiga magoti pembeni, karibu na ukuta, anawasha taa kwenye kijiwe kimoja kidogo, hajui kwamba amenivunja nguvu.

Tulikutana Krismasi, kama kawaida yetu. Mpare anaweza kukaa Mwanza, Dar au Mbeya mwaka mzima bila kupiga simu, lakini Krismasi utamkuta mlimani anakula makande na kulalamika barabara mbovu. Gari letu lilitoka Same asubuhi, likazunguka upande wa nyuma wa milima, likapita Kisiwani. Kwenye nyasi za kuelekea mbugani niliwaona korongo wengi, wanatembea polepole kama wazee wa kanisa. Niliwapa salamu zao dirishani. Abiria wa pembeni yangu alisogea kidogo.

Kesho yake ya Krismasi tukakaa barazani kwa shemeji, yeye, wifi, wadogo wawili wa marehemu na wake zao, na mimi mjumbe wa ukoo. Nilianza na jiografia, nikitumaini itawachosha. Nikawaeleza tambarare, misonobari, udongo, mkate mweusi, bwawa lisilofunguliwa. Bwawa liliwasikitisha. Shemeji aliuliza maswali mengi juu ya bata. Kisha wifi, ambaye hadi hapo alikuwa anachambua maharage kwenye ungo bila kuinua kichwa, akasema, "Na makaburi?"

Nikawaambia kama ilivyo. Nikasema hata kwamba nilimsalimu mtu asiyehusika. Kwa kawaida hilo lingewachekesha kwa wiki nzima. Hakuna aliyecheka.

"Aliyeijenga ile nyumba," wifi akasema, "aliondokaje? Kuna aliyemwonyesha?"

Kila mtu pale alielewa anauliza nini. Kwetu shamba likihama mikono, anayeondoka anamtembeza anayeingia. Mpaka ni huu, mti ule ni wa mipaka, na hapa wamelala watu wangu. Ukionyeshwa kaburi umekabidhiwa, na kulitunza ni juu yako. Usipoonyeshwa, umevamia, hata uwe na mihuri yote ya wilaya. Kwa swali hilo hilo wifi alikuwa amewashinda wanaume watatu kwenye baraza la kata.

"Sijui," nikasema. "Sikuuliza."

"Basi hatuna jibu la kumpa kijana. Na kama hakuna aliyeonyeshwa, mtoto wetu haingii humo."

Shemeji akasafisha koo, akasema tutakaa tena kabla ya mwaka mpya, na wakati huo niulize. Nilimpigia binti. Akasema bibi ameelewa swali, na amesema atalijibu mwenyewe.

Siku zile za kungoja zilikuwa mbaya. Nilikuwa na hasira na wifi kiasi kwamba nilikoroga makande yake kama nimetumwa kuyaadhibu. Siku moja tukiwa wawili tu shambani, tunang'oa tangawizi, nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kama yeye alipoolewa ukoo ulikwenda kuulizia makaburi ya watu.

"Hawakuuliza," akajibu. Aliendelea kuchimba. "Walisema ni karibu tu, Kwakoa, wanajulikana. Nikakaa kwenye ile nyumba nikijua ni yetu. Kumbe baba mkwe aliingia humo wakati mwenye nyumba ni mgonjwa, hajamwachia. Siku watoto wa mwenye nyumba walipokuja, wanaume walikuwa wamepeleka ng'ombe ziwani. Mimi ndiye niliyekuwa jikoni, na mtoto mgongoni. Walitoa vyungu vyangu kimoja kimoja wakaviweka barabarani. Hawakunitukana hata kidogo, wifi. Walikuwa na haki yao."

Nilijua wifi alirudi kutoka Kwakoa kijana bado. Ilisemekana ni ugomvi na mume. Nilikaa chini kwenye matuta. Hasira yangu ilikwisha pale pale, lakini hofu ikaongezeka maradufu, kwa sababu sasa niliona kwamba hasumbui kwa kupenda. Alikuwa anamlinda mwanangu na kitu alichokifahamu kwa mwili wake.

Siku ya kikao cha pili mtandao ulikataa barazani kwa shemeji. Simu inashika vizuri pale kanisani tu, chini ya mnara wa kengele, kwa hiyo ukoo mzima ukabeba vigoda ukapanda kanisani, na majirani wakatuona tukipita na wakajua kila kitu. Mdogo wa marehemu aliishika simu juu mbele ya wifi. Binti akatokea, amejifunga mtandio mzito, pumzi yake inatoka kama moshi. Nyuma yake kulikuwa kweupe. Alikuwa makaburini, na pembeni yake bibi alikuwa na ufagio, anafagia theluji kwenye kijiwe kidogo karibu na ukuta.

"Anafagia nini?" wifi akauliza.

"Mwache amalize, shangazi. Ndilo jibu lenyewe."

Bibi akamaliza, akaegemeza ufagio ukutani, akasogea kwenye simu. Alisema sentensi chache chache, na binti akatafsiri. Mama yake alifika kijijini kwa treni ya mizigo, na ng'ombe mmoja, akapangiwa nyumba. Alipofungua mlango alimkuta mwanamke wa Kijerumani jikoni, bado hajaondolewa. Wakakaa wote wawili katika nyumba moja, jiko moja, kipupwe chote mpaka viazi vikapandwa. Hawakupendana. Bibi hakutaka kutudanganya hapo, alisema walichukiana. Lakini mmoja alikuwa na ng'ombe, na mwingine ndiye aliyejua kisima kinaganda lini na jiko linatoa moshi wapi, na wote walikuwa na njaa.

Siku Wajerumani walipoambiwa waondoke, yule mwanamke alimshika mama yake bibi mkono, akamvuta mpaka makaburini, mpaka kwenye kile kijiwe. Mtoto wake mchanga alikuwa pale. Hawakuwa na lugha. Akakionyesha kijiwe kwa kidole, kisha akamnyooshea ufagio. Na mama yake bibi, ambaye naye alikuwa ameacha mtoto ardhini kule mashariki, hajui nani anamfagilia, akaupokea.

Mke wa mdogo wa marehemu alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Mimi nilikuwa namtazama wifi, na wifi alikuwa anaitazama simu kwa macho yake ya baraza la kata.

"Na hao wenye nyumba," akasema, "walirudi?"

Binti akatafsiri, akasikiliza, akageuka.

"Walirudi. Miaka mingi baadaye, bibi akiwa tayari ana watoto. Alikuja mtoto mwingine wa yule mama, mtu mzima, amesimama nje ya geti anaogopa kuingia. Bibi alimpeleka huku kwanza. Akakuta pamefagiliwa. Wakarudi nyumbani wakanywa chai, akaulizia mti wa matofaa, akaonyeshwa. Hakudai kitu. Mpaka alipofariki alikuwa anakuja kuwatembelea."

"Hawakutoa vyombo nje."

"Vyombo gani, shangazi?"

"Basi tu," wifi akasema. "Endelea."

"Ndiyo mwisho."

Siyo mwisho, wifi akasema. Alisogeza kigoda karibu na simu. Akauliza lile swali ambalo mimi, niliyetumwa kwa ndege, nikiwa na macho yangu na kitenge juu ya koti, sikulifikiria hata kidogo.

"Huyo bibi ni mzee. Akiondoka, nani atafagia?"

Binti hakutafsiri. Bibi alimwangalia akingoja, na binti akabaki anatutazama sisi.

"Mimi, shangazi. Alinionyesha mwaka juzi. Kabla ya posa, kabla hata mimi na kijana hatujaambiana kitu cha maana. Alinipa ufagio akasema wajukuu wake wana haraka, hawafagii pembeni; kisa chenyewe sikukijua mpaka mlipouliza. Tangu hapo tunakuja wote."

Shemeji alivua kofia. Nami nikashika ukuta wa kanisa, nikalia. Sikulia kwa huzuni, ingawa huzuni ilikuwepo kidogo, ya kumsikia mwanangu akisema mahali pake ni pale, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kupazoea. Nililia kwa sababu nilikuwa nimechoka kuogopa, na sababu ya kuogopa ilikuwa imekwisha.

"Wao wamekwisha kukupokea," wifi akasema. "Sisi ndio tunachelewesha watu kwenye baridi." Akamgeukia kaka yake. "Wewe ndiye mkubwa. Jibu."

Shemeji akajibu, kwa maneno marefu ya Chasu yaliyompasa, na mahali fulani huko nje ya picha tukasikia sauti ya kijana ikisema shikamoo, shikamoo. Bibi alikuwa anacheka bila kuambiwa sababu. Wifi alimpungia mkono mara moja, taratibu, na bibi naye akauinua ufagio wake.

Tuliporudi na vigoda, wifi alinisubiri kwenye kona ya mteremko, akanishika kiwiko kwa kuwa njia ilikuwa na utelezi. Tulishuka hivyo mpaka karibu na nyumba. Ndipo akaniambia kwamba nimefanya kazi nzuri, isipokuwa sehemu moja.

"Mama wa watu amepiga magoti kwenye jiwe dogo," akasema, "na wewe umekwenda kulisalimu kubwa. Ukirudi huko kwa harusi, lisalimie lile dogo. Liambie limetumiwa salamu na mimi."